Probox ya 2006, altaneta ya 2014

Fundi wa umeme wa magari anajibu barua za wasomaji

SWALI: Shikamoo mzee fundi. Mimi nauza nazi na maembe. Siku tatu kwa wiki natoka Msambweni saa tisa za usiku na Probox yangu ya 2006, niwahi soko la Kongowea. Tangu baada ya Idi, taa ya betri imekuwa ikiwaka kwa mbali nikiwa kwenye foleni ya feri. Nikikanyaga mafuta inazimika. Nikaambiwa ni betri, nikanunua mpya. Wiki mbili hazijaisha gari likanigomea ndani ya feri, wakati wa kushuka upande wa kisiwani, malori nyuma yananipigia honi. Vijana wa mikokoteni wakanisukuma mpaka juu, nikawapa mia tano. Fundi wa kwetu anasema altaneta, ile mashine ya kuchaji betri, imekufa, na yeye anayo iliyotoka kwenye Probox ya 2014, elfu saba. Shemeji yangu anasema nisiguse hiyo, yeye ana ya Fielder ya 2003 imelala stoo. Je, altaneta ya mwaka mwingine itakubali? Na ni kweli yaweza kuchoma kompyuta ya gari?
Muuza nazi, Msambweni

JIBU: Marahaba dada yangu, na pole. Feri ikishateremsha mlango hapangojwi mtu, adha hiyo naijua.

Itakubali, ila inategemea ni ipi. Na kati ya hao wawili, mimi naelekea upande wa shemeji yako, ingawa yake ni ya gari jingine na imelipita gari lako kwa miaka mitatu. Fundi wenu amesoma jina lililoandikwa mlango wa nyuma. Altaneta haifungwi kwenye mlango wa nyuma, inafungwa kwenye injini, na habari zote ziko huko.

Probox ilianza kutoka mwaka 2002. Yako, ikiwa ni ya petroli ya lita 1.5, ina injini iitwayo 1NZ-FE. Ikiwa ni ya lita 1.3 ina 2NZ-FE, ambayo ni ndugu yake wa tumbo moja. Hiyo 1NZ Toyota waliitia kila mahali: Vitz, Platz, ist, Succeed, na Fielder ya wakati wa shemeji yako. Kwa hiyo Fielder ya 2003 yenye 1NZ na Probox ya 2006 zinaweza kuazimana altaneta kama majirani wanavyoazimana mbuzi ya kukunia nazi. Ilipofika 2014 Probox ilibadilishwa sana, na ile ya lita 1.3 ikapewa injini ya ukoo mwingine kabisa, 1NR-FE. Altaneta ya hiyo usihangaike nayo. Ikiwa ya fundi wenu imetoka kwenye ya lita 1.5, bado ni 1NZ na mazungumzo yapo. Mwulize. Akijibu "Probox ni Probox, mama," basi hajui imetoka wapi. (Na Probox ya haibridi, iliyoanza kutoka 2018, haina altaneta hata moja, betri yake ndogo huchajiwa na betri kubwa. Nimeshaletewa kijana akiitafuta altaneta yake na tochi.)

Jina la injini yako utalikuta kwenye kibati kilichopigwa ukutani, chini ya boneti, pale injini inapopakana na miguu ya abiria. Liandike kwenye karatasi kabla hujaenda dukani.

Lakini kabla hujatoa shilingi, tuhakikishe mgonjwa ni altaneta kweli, maana betri umeshanunua bure mara moja. Azima mita ya kupimia umeme. Kila fundi wa redio anayo. Asubuhi kabla ya kuwasha, betri iliyoshiba husoma volti 12.4 hadi 12.7. Washa injini, sasa isome kati ya 13.8 na 14.5. Washa taa kubwa, feni ya ndani na waipa, ukanyage mafuta kidogo. Ikishuka chini ya 13.5 na kuzidi kuteremka, haichaji vya kutosha. Ikipanda kupita 15, inachaji kupita kiasi, na huko ndiko vitu vinakoungua.

Halafu pima pale ambapo mafundi wengi wanaparuka. Ncha moja ya mita iweke kwenye bolti kubwa ya nyuma ya altaneta, ya pili kwenye chanya ya betri, injini inanguruma na taa zimewaka. Isizidi volti 0.2 au 0.3. Rudia baina ya bodi ya altaneta na hasi ya betri. Ukikuta volti nzima imepotea njiani, altaneta haina kosa, waya ndio umeliwa. Sisi watu wa pwani chumvi inatumaliza. Mwaka juzi aliletwa kwangu mzee wa Nyali, nyumba yake inatazama bahari, ameshabadilishiwa altaneta mbili kwingineko na taa zake bado zinasinzia. Nilipolala chini ya gari niliuona waya wa arthi, ule unaotoka kwenye gia boksi kwenda kwenye bodi: umevimba, na ndani umekuwa unga wa kijani. Nilikata waya mpya, nikakwangua bodi mpaka chuma king'ae, nikapaka grisi, tukamaliza kabla kahawa haijapoa. Mzee alinitazama kama aliyeibiwa, na kweli alikuwa ameibiwa, ila si na mimi.

Mkanda nao ubonyeze kwa kidole. Ukilegea, dalili huwa hizo hizo zako.

Tuseme vyote hivyo ni vizima. Taa inayowaka kwa mbali injini ikizunguka polepole na kuzimika ukikanyaga mafuta, kwa uzoefu wangu, mara nyingi ni brashi. Ndani ya altaneta mna rota, na ili iwe sumaku inahitaji umeme kidogo, ambao hupita kwenye vijiti viwili vya kaboni vinavyoisugua inapozunguka. Hizo ndizo brashi. Zikiwa mpya hutokeza kiasi cha milimita 10. Zikibaki milimita moja na nusu zimekwisha, na springi haina tena nguvu ya kuzikandamiza. Na wewe safari zako ni za kuzila. Saa kumi za alfajiri uko kwenye foleni ya Likoni, taa mbili za mbele za wati 55 peke yake zinakula ampea 9, injini inazunguka polepole, altaneta haijafika hata nusu ya nguvu zake. Ndani ya feri unatakiwa kuzima. Unawasha tena kushuka, na kila kuwasha ni kukomba betri. Ukirudi mchana, hivyo hivyo.

Brashi, regyuleta (ile inayozuia volti zisipande kupita kiasi) na beringi zinauzwa na zinabadilishika. Kwa hiyo mwambie fundi aifungue altaneta yako mbele ya macho yako. Waya za shaba za ndani zikiwa na rangi yake, hazinuki kuungua, na rota ikipimwa kwenye pete zake ikasoma omu mbili tatu hivi, itengenezwe hiyo hiyo. Mimi altaneta ya gari lenyewe iliyofanyiwa kazi naipenda kuliko ya mtumba iliyotoka kwenye gari nisilojua lilizama wapi. Najua mafundi wenzangu hawaipendi kauli hii. Kubadilisha nzima ni kazi ya saa moja na faida iko kwenye spea. Kutia brashi ni kazi ya kuchafuka, tena kwa hela ya chai.

Ikiwa shaba imekuwa nyeusi, hapo sawa, tafuta nyingine. Na ukienda kuitafuta, yako ibebe. Ifunge kwenye gunia uende nayo, hata kama ni nzito.

Mjomba wangu, aliyenifunza kazi hii Mwembe Tayari tangu 1987, alikuwa na ukuta mzima wa vipande vya katoni. Kila altaneta iliyopita mikononi mwake aliilaza juu ya katoni, akaichora masikio yake ya kufungia bolti na matundu yake kwa penseli, akakata kwa wembe, akaandika gari lake na kutundika kwenye msumari. Mtu akija na altaneta ya kubahatisha, mjomba hakubishana naye. Alishusha katoni, akaipachika. Tundu likikaa juu ya tundu, anaendelea. Lisipokaa: "Rudisha ulikoitoa." Mimi sina ukuta huo, nina meza, na nakushauri na wewe uwe nayo: ziweke mbili ubavu kwa ubavu.

Tazama masikio kwanza, ya juu na ya chini, upana wake na umbali baina yake. Sikio likipungua milimita mbili usikubali wajaze kwa washa tatu, vile vipete vya bolti, na moyo wa matumaini. Kwenye 1NZ mkanda unaozungusha altaneta ndio unaozungusha pampu ya maji. Altaneta ikikaa upogo, mkanda unalia, unaliwa ukingo, siku moja unaruka, na hapo si suala la kuchaji tena: maji hayazunguki, na injini inachemka ukiwa katikati ya Dongo Kundu huna hata kivuli cha kusimama.

Kisha puli, lile gurudumu linalopitiwa na mkanda. Hesabu mifereji yake ilingane na ya mkanda wako. Pima upana wa duara: puli kubwa kuliko yako itaizungusha altaneta polepole, na utarudi kwenye foleni ya feri na taa ile ile. Hili lina dawa nyepesi, kwani mara nyingi puli ya zamani inahamia kwenye altaneta mpya kwa kufungua nati moja, mradi mhimili ulingane. Ila baadhi ya altaneta za miaka ya karibuni zina puli yenye klachi ndani, inayozunguka upande mmoja na kuteleza upande wa pili. Hiyo inataka kifunguo chake. Ukiona fundi anaifuata na nyundo na patasi, mnyang'anye.

Plagi ndiyo inayowaponza wengi, nami nitakaa hapo kidogo. Geuza altaneta utazame soketi yake. Nyingi za 1NZ zina soketi yenye umbo la yai na pini tatu: IG, S na L. IG huiamsha regyuleta ukifungua swichi. S inakwenda moja kwa moja kwenye betri kupima volti zilizofika. L ni waya wa taa ya dashibodi. Nyingine zina pini ya nne, M, ambayo huiambia kompyuta ya injini mzigo wa umeme umefika wapi. Herufi hizo mara nyingi zimechorwa kwenye plastiki. Zikifutika, tafuta kwenye kijitabu cha gari la asili. Plagi yako ya matundu matatu ikikutana na soketi ya pini tatu yenye mpangilio ule ule, umemaliza. Ikiwa umbo halifanani, wapo watakaokata plagi wakaunga waya kwa kukisia rangi. Usikubali kukisia. Waya wa L ukipewa chanya ya betri moja kwa moja bila taa katikati, regyuleta inakufa siku hiyo hiyo. S ikiachwa inaning'inia, taa inaweza kuwaka ingawa altaneta inafanya kazi, mkaanza kufukuzana na maradhi yasiyokuwapo. Kuunga kunawezekana, nimeunga nyingi, lakini plagi inunuliwe pamoja na mkia wake wa waya kutoka gari lililotoa altaneta, na kila waya upimwe kwa mita kabla ya kuunganishwa.

Na zipo altaneta za magari mapya ambazo regyuleta yake inapokea amri kutoka kwa kompyuta: sasa chaji, sasa pumzika, kuokoa petroli. Ukiitia hiyo kwenye gari la 2006 lisilojua kutoa amri, inaweza kukaa kimya au kuchaji kivivu. Hii ni sababu yangu nyingine ya kuiogopa ya 2014.

Kuhusu ampea watu wana hofu isiyo na msingi. Altaneta ya ampea 100 kwenye gari lililokuja na ya 70 haisukumi ampea 100 ndani ya gari. Gari linavuta linachohitaji tu. Tahadhari ni moja: betri ikiwa imekauka kabisa itavuta kwa pupa, na waya ule mnene pamoja na fyuzi kubwa iliyoandikwa ALT vilipimwa kwa ile ndogo. Fyuzi ikiungua usitie kubwa zaidi huku waya ni ule ule. Fyuzi inaungua ili waya usiungue. Kushuka, kutoka 100 kwenda 70, ndiko kubaya, hasa ukiwa na kiyoyozi.

Sasa kompyuta. Altaneta nzima, hata ya mwaka gani, hujizuia yenyewe kwenye volti 14 na kitu. Kinachochoma kompyuta ni regyuleta iliyokufa ikaachia volti 16, 17, au betri kuunganishwa kinyume, au ujinga nitakaoutaja kwenye barua inayofuata. Kwa hiyo ikishafungwa usiondoke hapo. Mita iwekwe kwenye betri, injini ipandishwe mzunguko, usome mwenyewe. Kabla ya kufungua bolti yoyote, hasi ya betri itolewe, kwa sababu ile bolti kubwa ya nyuma ina umeme hata gari likiwa limelala. Spana ikigusa bodi utaona radi mchana. Na katika kibandiko cha altaneta za Toyota tafuta namba inayoanza na 27060. Tarakimu zinazofuata zikilingana na zako, mengine yote niliyoyasema ni ziada.

Nina onyo kwa wenye dizeli watakaosoma hapa wakadhani wameruhusiwa. Hiace na Hilux za injini za 2L, 3L na 5L zina altaneta iliyobeba pampu ya vakyumu (ya kufyonza hewa) mgongoni, na pampu hiyo ndiyo inayoipa breki wepesi wake. Nilikuwa bado mwanagenzi. Mjomba alikwenda Ijumaa, ikaja Hiace ya 3L (matatu, ambayo hapa kwetu huitwa Nissan hata kama ni Toyota), nami nikataka kumfurahisha mzee. Nikafunga altaneta isiyo na pampu, masikio yakakubali, mpira wa vakyumu nikauziba kwa bolti nikidhani ni wa kazi nyingine. Ikachaji vizuri mno. Nikatoka nayo kuijaribu, nikapandisha Changamwe, nikageuza kurudi mjini. Kwenye mteremko wa kuja Kibarani nilikanyaga breki mara mbili ikashika, ya tatu pedali ikawa jiwe. Siku hizo Makupa bado ni tuta, si daraja hili lililofunguliwa 2022, na pembeni ni maji. Nilisimama kwa gia ya kwanza, handibreki na miguu yote miwili. Mjomba hakunipiga. Alinipa kipande cha katoni akaniambia nikate altaneta ya 3L pamoja na pampu yake, nikaitundike mwenyewe.

Dada yangu, kabla ya safari yako ya Jumatatu pima volti na arthi, kisha ifungueni hiyo yako mtazame brashi. Zikiwa nzima na shaba imeungua, kamwambie shemeji ailete ya Fielder mezani.

SWALI: Fundi, kuna jamaa gereji ya hapa karibu hupima altaneta kwa kung'oa kichwa cha betri injini ikiwa inawaka. Gari lisipozima anasema altaneta ni nzima. Ni sahihi?
Kijana wa Tudor

JIBU: Huo ndio ujinga niliouahidi juu. Ulikuwa mtindo wa magari ya zamani, wakati kitu chenye akili kuliko vyote ndani ya gari kilikuwa dereva. Betri ni kama mtungi unaopokea mawimbi ya altaneta yakatulia. Ukiung'oa ghafla volti zinaruka juu kwa nukta moja, na nukta hiyo inatosha kuua dayodi za altaneta, redio, au kompyuta ya injini. Gari lisipozima hujajua inachaji volti ngapi, na likizima umeshaharibu. Mwonyeshe jamaa mita. Akikataa, gari lako lipeleke kwingine.

SWALI: Nimefunga altaneta ya mtumba kwenye Vitz. Inasoma volti 14.1, lakini redio inapiga mluzi unaopanda na mafuta, na gari likilala siku mbili betri inakuwa chini.
Mama Aisha, Kisauni

JIBU: Mama Aisha, volti zako ni nzuri lakini dayodi moja au zaidi imekwenda. Altaneta kwa asili yake huzaa umeme wa kupinda (AC), na dayodi sita huunyoosha. Mmoja wao akilala, mpindo unapenya mpaka kwenye spika. Hakikisha: geuza mita isome umeme wa kupinda, pima kwenye betri injini ikiwaka na taa zimewashwa. Ikipita nusu volti, ndilo jibu. Na betri inayokauka gari likiwa limelala ni dayodi inayovujisha usiku kucha. Usiku mmoja toa waya wa bolti kubwa ya nyuma ya altaneta (hasi ya betri kwanza!), uufunge utepe vizuri, kisha rudisha hasi. Asubuhi usiwashe, pima volti kwanza. Ikiwa betri imebaki na nguvu zake, irudishe altaneta dukani ukiwa bado una risiti.